Likizo ya mwezi wa sita ipangeni kama mradi wa kazini, na watoto wawe wadau

Mi ni afisa mradi, mwaka mzima kazi yangu ni mpango kazi, bajeti, ufuatiliaji na ripoti za robo mwaka, lakini kwa miaka mingi likizo ya Juni ilikuwa inanikuta mikono mitupu. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni, zinafunguliwa mwezi wa saba, hapo katikati ni kama wiki nne, watoto watatu ndani ya nyumba hapa Dar na kila asubuhi swali ni lile lile, mama leo tunaenda wapi. Na majibu yote yako kichwani kwangu mimi peke yangu, hela iliyobaki ni shingapi, baba yao yuko zamu lini, dada wa kazi anaenda kwao lini, nani hajafanya homuweki ya likizo. Yani mtu mmoja amebeba mradi mzima kichwani. Nikajiuliza, kazini ningekubali mradi uendeshwe hivi? Nisingekubali hata siku moja. Basi nikaanza kutumia yale yale ya ofisini, huu ni mwaka wa tatu, na nawaandikia wenzangu mnaohangaika kama nilivyohangaika mimi.

Anza na kikao cha wadau, na kifanyike Mei, sio siku shule inafungwa. Sisi tunakaa Jumapili baada ya chakula cha mchana, nusu saa tu. Kila mtu anakuja na mambo matatu anayotaka kufanya likizo, yule mdogo wa miaka 6 anachora, na raundi ya kwanza hakuna ruhusa ya kukataa wazo la mtu, hata kama mtoto anataka kupanda ndege kwenda Ulaya andika tu. Na tafadhali msimsahau dada wa kazi, yeye ndo anashinda na hawa watoto kutwa nzima mkiwa kazini, mipango mingi ya nyumbani inaharibika sababu mtu anayeitekeleza hakuulizwa. Mwaka wa kwanza sikumuuliza, nikapanga siku ya kupika na watoto ikaangukia siku yake ya kufua mashuka ya nyumba nzima. Kosa lilikuwa langu.

Baada ya hapo njoo kwenye mipaka. Mradi wowote una vitu vitatu vimefungana, muda, hela na ukubwa wa kazi, ukivuta kimoja vingine vinasogea. Kwetu sisi hela ina adui mmoja, ada na mahitaji ya muhula wa pili yanayokusubiri shule zikifunguliwa. Kwahiyo toa ada kwanza, weka pembeni kabisa, hata kwenye laini nyingine ya simu ikiwezekana, kinachobaki ndo bajeti ya likizo na ukitaje mbele ya watoto. Najua wengi tumelelewa kwamba mtoto haambiwi habari za hela, ila mi naona mtoto wa miaka 10 akiambiwa likizo hii tuna laki tatu anaanza kufikiri tofauti kabisa, anaacha kulilia kila kitu anaanza kuchagua. Alafu mawazo yote mnayagawa mafungu matatu: lazima, ingependeza, na safari hii hapana. Fungu la lazima lisizidi vitu vinne. Kila mtoto awe na kitu kimoja chake hapo, kidogo au kikubwa, hilo silipunguzi.

Sasa kuvunja kazi, na hapa ndipo ninapoomba muwe na subira, maana ndo penye siri yote. "Kwenda Morogoro kwa bibi" sio kazi moja, ni kazi kumi zimejificha kwenye sentensi moja. Chukua treni ya SGR, ilipoanza Juni 2024 nauli iliyotangazwa Dar mpaka Morogoro daraja la kawaida ilikuwa sh 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa watoto wa miaka 4 mpaka 12. Sisi ni watu wazima wawili na watoto wa miaka 14, 10 na 6. Ukipiga haraka haraka utasema watu wazima wawili watoto watatu, kumbe wa miaka 14 analipa kamili, kwahiyo ni 13,000 mara tatu jumlisha 6,500 mara mbili, inakuja 52,000 kwenda tu, kurudi nayo inafika 104,000, na hiyo ni kwa nauli ile ya mwanzo, angalieni ya sasa kabla hamjapanga. Alafu stesheni ya Morogoro iko Kihonda, sio mjini kati, kwahiyo kuna usafiri wa kutoka pale mpaka kwa bibi. Kuna zawadi ya bibi, hamuendi mikono mitupu. Kuna kumpigia bibi kumuuliza kama wiki hiyo yupo au ana msiba au harusi. Na mkitaka kupanda Uluguru mpaka Morningside inabidi viatu vya maana vipatikane kabla, sio asubuhi ya safari mtoto anakuja na ndala.

Ukishaziandika jiulize ipi inasubiri ipi. Tiketi inasubiri bibi athibitishe, na bibi anasubiri apigiwe simu, kwahiyo simu ya dakika tano ndo inashikilia safari nzima. Kazini tunaita njia kuu ya mradi, kazi ambayo ikichelewa siku moja kila kitu kinachelewa. Kwenye mipango ya familia karibu kila mara ni kitu kidogo hivyo, simu, fomu, kunakili namba ya kitambulisho. Hela inasingiziwa tu.

Kingine ni ubao. Kuna njia inaitwa kanbani, neno la Kijapani lenye maana ya kibao au alama, ilikuzwa kwenye viwanda vya Toyota na mhandisi Taiichi Ohno, kadi zilikuwa zinaonyesha kipi kitengenezwe na lini ili watu wasirundike vitu visivyohitajika. Huna haja ya programu yoyote ya simu, na kwa nyumbani nashauri usiitumie kabisa, maana mtoto wa miaka 6 hana simu na wewe ukifungua simu unaishia wasap. Chukua manila moja ya stationari, chora mistari ipate sehemu tatu: Tunataka, Tunaandaa, Tumefanya. Bandika pembeni ya friji, kwenye urefu wa macho ya mtoto mdogo, sio ya kwako. Kila jambo ni kikaratasi kimoja na kila kikaratasi kina jina la mwenye nacho, mmoja tu, wengine wanasaidia. Mkubwa wetu alipewa Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, maana darasani walisoma habari za Zinjanthropus, lile fuvu alilopata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, akaambiwa atafute saa za kufungua, kiingilio cha wanafunzi na daladala gani tupande. Alifanya vyote kwa siku mbili na siku ya kwenda yeye ndo alikuwa kiongozi wa msafara, mi nilifuata nyuma. Sijawahi kumuona amesimama wima vile.

Sheria moja ya ubao msiivunje, pale katikati pasiwe na vikaratasi zaidi ya viwili kwa wakati mmoja. Watoto watakuja na hamasa wanataka vitano vianze leo. Hapana, kimoja kiende Tumefanya ndo kingine kiingie. Bila hiyo sheria utakuwa na mambo sita yameanza na hakuna lililoisha, na likizo inaisha hivyo hivyo.

Kwa kupanga tarehe tumia kalenda ya ukutani, chora tu mistari ya rangi juu ya siku, mistari kama hiyo ndo chati ya Gantt, jina limetokana na mhandisi wa Marekani Henry Gantt aliyeisambaza miaka ya 1910. Kwetu kuna vitu viwili vya kuangalia. Maonyesho ya Sabasaba kwa kawaida yanaanza 28 Juni mpaka 13 Julai, kwahiyo ni jambo la mwisho wa likizo na linagongana na maandalizi ya shule, lipe siku moja ya katikati ya wiki mapema, ukisubiri tarehe 7 yenyewe Kilwa Road utakaa kwenye foleni na mtoto anataka chooni. Cha pili ni upepo wa kusi. Mwezi wa sita na wa saba bahari inachafuka, mwaka ule kabla sijaanza haya tulifika Kunduchi asubuhi tukitaka kwenda Mbudya, tumebeba wali, maji na mataulo, wenye boti wakaangalia mawimbi wakasema leo hapana. Watoto walilia njia nzima. Siku hizi kila jambo la baharini lina mbadala wake umeandikwa nyuma ya kikaratasi, Mbudya ikishindikana tunaenda Kijiji cha Makumbusho kuona zile nyumba za asili za makabila, chakula kile kile kinaliwa huko.

Kupata hizo mbadala kuna zoezi zuri ambalo mwanasaikolojia Gary Klein aliliandikia mwaka 2007, mnajifanya mradi umeshafeli alafu kila mmoja anasema umefeli kwa nini. Watoto wanalipenda ajabu! Wa kati wetu alisema "safari imefeli sababu baba aliitwa kazini", na kweli hilo lilikuwa linatokea kila mwaka na hakuna aliyekuwa analisema. Baba yake alilichukulia uzito, akabadilishana zamu mwezi mzima kabla.

Vikao vya kufuatilia msifanye kila siku kama ofisini, watoto watachoka na wewe pia. Jumapili jioni dakika 15, mmesimama mbele ya ubao, kila mtu anasema kikaratasi chake kimefika wapi na nini kinamkwamisha. Ukiona unaanza kugomba funga kikao. Na wiki moja kati ya zile nne iacheni wazi kabisa bila kikaratasi chochote, kuna atakayeumwa malaria, kuna mgeni atakayekuja bila taarifa, na kuna siku watoto wanataka tu kucheza rede na kombolela uani mpaka magharibi.

Siku mbili kabla shule hazijafunguliwa tunakaa tena, safari hii na juisi ya ubuyu, tunapitia ile sehemu ya Tumefanya, kimoja kimoja. Maswali ni matatu, nini kilienda vizuri, nini kilituumiza, nini tubadilishe Desemba. Yule mdogo mwaka jana alisema kilichomuumiza ni kwamba kikaratasi chake cha kujifunza kuogelea kilibaki Tunataka mpaka mwisho. Tukakitoa, tukakibandika cha kwanza kabisa kwenye manila mpya ya Desemba, na jina lake juu kaandika mwenyewe.