Kuchagua Yoyo Inayolingana na Uwezo Wako

Mzazi anayepita madukani Makoroboi, jijini Mwanza, akimtafutia mwanawe yoyo, kile kichezeo cha vipande viwili kinachoshuka na kupanda kwenye uzi, huvutiwa kwanza na rangi, kisha huuliza bei, ilhali kinachoamua kama mtoto ataupenda mchezo huo kimo katikati, pale uzi unapozunguka mhimili. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kuifungua, kwani yoyo nyingi nzuri hufunguka kwa kuzungusha vipande vyake viwili kwa mikono.

Ziko yoyo zinazorudi mkononi ukizivuta kidogo tu, na ziko zisizorudi mpaka mchezaji aukunje uzi na kuuingiza kwenye mwanya ulio kati ya vipande viwili ili ujikamate. Anayeanza anahitaji za aina ya kwanza, na katika hili sioni nafasi ya mjadala. Mtoto akipewa yoyo ya alumini isiyorudi, hata ikiwa ya bei kubwa, itabaki ikizunguka mwisho wa uzi huku yeye akidhani kwamba kosa ni lake.

Tofauti hiyo huonekana kwa macho. Mwanya mwembamba wenye beringi nyembamba, yaani pete inayozunguka kwenye mhimili, ni dalili kwamba yoyo itarudi. Beringi pana, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 12.7 na upana wa karibu milimita 4.8, hutumika zaidi kwenye zile zisizorudi. Yoyo isiyo na beringi kabisa hurudi kwa urahisi, lakini hailali muda mrefu, yaani haidumu ikizunguka chini kabla ya kupanda.

Kwa mtu ambaye tayari anaweza kuilaza na sasa anataka kuidakia juu ya uzi, ninapendekeza kwa moyo wote yoyo ya plastiki yenye umbo la kipepeo, pana kwenye kingo, inayouzwa pamoja na beringi mbili, nyembamba na pana. Atazoea kwanza ile nyembamba, kisha ataweka pana siku atakapokuwa tayari kujifunza kuirudisha kwa kukunja uzi. Anayependa kuirusha mbele na kuizungusha mfululizo atafute umbo la mviringo wa kawaida, lisilopanuka kingoni.

Yoyo ya chuma isubiri. Hapa Mwanza, ambako nyua nyingi ni za saruji au mwamba mtupu, alumini ikigonga chini hupata meno yanayokwaruza vidole na kukata uzi.

Urefu wa uzi nao hupimwa: simamisha yoyo sakafuni karibu na mguu, vuta uzi hadi kitovuni, ongeza sentimita chache za kitanzi cha kidole, kisha kata. Nunua nyuzi za akiba siku hiyohiyo, ikiwezekana za poliesta, ambazo hudumu kuliko za pamba, na ubadilishe uzi mara unapoanza kuchakaa, kwa sababu ukikatika wakati wa kurusha, yoyo inaweza kumpiga aliye karibu.