Kumsaidia mzee kusimamia fedha zake bila kumpora uamuzi

Familia nyingi huanza kumlinda mzee kwa kuchukua kadi yake ya benki, namba yake ya siri na hati ya nyumba, "asije akasumbuka". Miezi michache baadaye mzee anaomba hela ndogo ya matumizi kutoka kwenye pensheni yake mwenyewe. Pengine hakuna aliyeiba kitu. Lakini uamuzi umeshamtoka mikononi, na siku mwizi atakapotokea humohumo ndani, mtu wa kwanza ambaye angemgundua, yaani mwenye fedha, hana tena taarifa yoyote.

Mwongozo huu ni kwa mtoto, mjukuu, mlezi au jirani anayesaidia. Kanuni yake ni moja: mipaka awekewe msaidizi, si mzee.

Pima uamuzi, usimpime mtu

Umri si ushahidi kwamba mtu hawezi kuamua, na ugonjwa wa kusahau peke yake pia si ushahidi. Mtu anaweza kushindwa kufuata mkataba wa mkopo na bado akajua vizuri nani amnunulie mahitaji na kwa kiasi gani. Kwa hiyo swali liwe juu ya uamuzi huu, leo. Angalia mambo manne: anaelewa maelezo, anayakumbuka muda wa kutosha kuamua, anapima faida na hasara, na anaweza kueleza alichoamua kwa njia yoyote ile, hata kwa ishara au kuandika. Uamuzi usiokupendeza si dalili ya kushindwa kuamua. Kijana akinunua kitu cha kipuuzi hapelekwi kwa daktari.

Kabla ya kusema hawezi, ondoa vizuizi. Hakikisha amevaa miwani na kifaa chake cha kusikia, na kwamba betri inafanya kazi. Zima redio. Kaa mbele yake, mwanga ukuangukie usoni ili aone midomo yako. Chagua saa ambayo huwa mchangamfu. Zungumzia jambo moja tu, toa machaguo mawili au matatu, kisha nyamaza. Wasaidizi wengi hujibu kwa niaba ya mzee kabla hata hajamaliza kufikiri. Sekunde kumi za ukimya huonekana ndefu, lakini mara nyingi ndizo zinazohitajika. Mwisho mwombe akueleze kwa maneno yake alivyoelewa. "Umeelewa?" halisaidii, maana kila mtu hujibu ndiyo.

Tahadhari moja: mzee aliyekuwa sawa juzi na leo amechanganyikiwa anahitaji matibabu upesi. Maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya huweza kuleta hali hiyo ndani ya saa au siku chache, na mara nyingi huisha chanzo kikitibiwa. Asisainishwe hati yoyote wakati huo, hata kama wakili yuko mlangoni.

Andikeni kilichopo

Kaeni na mzee mjaze karatasi moja: fedha zinazoingia na tarehe zake, malipo ya lazima, akaunti, madeni, mali, na hati halisi ziko wapi. Ongezeni safu moja ambayo watu huisahau: nani mwingine anaweza kufikia kila kitu hapo. Nani anajua namba ya siri? Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la nani? Ujumbe wa benki unaingia kwenye simu ya nani? Safu hiyo ndiyo inayoonyesha hatari. Usiandike namba za siri kwenye karatasi hiyo. Mzee abaki na nakala yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Panda ngazi moja tu kwa wakati

Anza na msaada mdogo kabisa unaotosha, na usipande zaidi mpaka huo umeshindwa.

1. Msindikize benki au msomee taarifa ya akaunti. Anayetoa fedha ni yeye.
2. Omba benki ilipe moja kwa moja malipo yanayojirudia, kama kodi na umeme.
3. Weka kikomo cha kutoa fedha kwa siku, na akikubali, ujumbe wa kila muamala uende pia kwa mtu wa pili anayemwamini.
4. Fungua akaunti ndogo ya matumizi ya mwezi ambayo msaidizi ameruhusiwa na benki kuitumia. Akiba ibaki kwenye akaunti nyingine ambayo msaidizi haigusi.
5. Andikeni hati ya uwakilishi, yaani hati ambayo mzee anampa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, mbele ya wakili.
6. Msimamizi anayeteuliwa na mahakama ni njia ya mwisho kabisa. Ikilazimu, ombeni usimamizi wa mambo yaliyotajwa tu, wenye muda na mapitio.

Akaunti ya pamoja haimo kwenye orodha hiyo kwa makusudi. Huonekana rahisi, lakini katika nchi nyingi mwenza wa akaunti huhesabiwa kuwa mmiliki: anaweza kuzitoa zote, wadai wake wanaweza kuzifuata, na mzee akifariki huenda zikabaki kwake nje ya wosia. Ugomvi mwingi wa ndugu baada ya mazishi huanzia hapo.

Hati ya uwakilishi nayo ina mitego. Itaje mamlaka yanayotolewa moja baada ya jingine. Maneno kama "mambo yangu yote" ni mlango wazi. Izuie waziwazi kuuza nyumba au ardhi, mwakilishi kujipa zawadi au mkopo, na kubadili warithi. Iwe na tarehe ya kuisha na imtaje mtu wa tatu anayepewa hesabu. Muulizeni wakili jambo hili hasa: hati itaendelea kufanya kazi mzee akipoteza uwezo wa kuamua? Katika sheria za nchi nyingi, hati ya kawaida hukoma hapo, na inahitajika ya aina maalumu. Mzee akifariki hukoma, na anayeendelea kutoa fedha anavunja sheria. Kuifuta, mzee aandike barua na nakala ifike kwa mwakilishi na kwa kila ofisi iliyokuwa ikiitegemea. Benki isiyojulishwa itaendelea kumlipa mwakilishi wa zamani.

Wakati wa kusaini, wakili azungumze na mzee peke yake, mnufaika akiwa nje ya chumba. Kama mzee anaweka dole gumba, asomewe hati yote kwa lugha anayoielewa na shahidi asiyepata chochote ndani yake.

Daftari humlinda msaidizi pia

Namba ya siri isitolewe kwa yeyote. Msaidizi akiitumia, kumbukumbu za benki zitaonyesha kuwa mzee mwenyewe ndiye aliyetoa, na benki inaweza kukataa kurudisha hasara. Msaidizi mwaminifu ndiye anayeumia zaidi, kwani siku akituhumiwa hana cha kuonyesha.

Kila fedha inayopita mikononi mwake aiandike siku hiyohiyo: tarehe, kiasi, imefanya nini, kilichobaki, na risiti ibanwe ukurasa huo. Kila wiki amsomee mzee. Mara moja kwa mwezi mtu mwingine alinganishe daftari na taarifa ya benki, na asiwe mke au mume wa msaidizi. Malipo ya msaidizi, kama yapo, yakubaliwe mapema na yaandikwe. Kazi isiyolipwa huzaa "nilijikatia kidogo tu".

Ukiona dalili

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea hufanyiwa aina fulani ya unyanyasaji katika jamii ndani ya mwaka mmoja. Wa fedha hujionyesha kwa namna zinazofanana: fedha zinatolewa siku ileile pensheni inapoingia ilhali umeme umekatwa, hati hazionekani, wosia umebadilishwa ghafla, au kila umpigiapo mzee kuna mtu anayejibu kwa niaba yake. Hiyo ya mwisho ipe uzito kuliko zote, kwa sababu kumtenga na watu hurahisisha mengine yote.

Dalili si hukumu. Huenda mzee anamsomesha mjukuu kwa hiari yake, na hiyo ni haki yake. Zungumza naye mkiwa wawili tu: "Nani anatoa fedha zako? Ukikataa, nini hutokea?" Usianze kwa kumkabili mtuhumiwa, atapoteza ushahidi na kumfungia mzee zaidi. Andika tarehe na ulichokiona, tenganisha na unachodhani. Mzee akikubali, benki izuie kadi na ibadilishe namba ya siri siku hiyo, kisha ripotini polisi au ustawi wa jamii. Akikataa huku anaelewa, heshimu, mwachie namba za kupiga, na urudi kumtembelea. Kukiwa na kipigo, tishio au hatari ya karibu, usisubiri.

Kaunta, simu na alama za vidole

Mzee anaweza kuwa na familia safi kabisa na bado akazuiwa na ofisi. Mistari ya vidole hufifia kwa umri na kwa kazi za mikono, hivyo mashine hukataa na mzee anarudishwa bila malipo yake. Jaribuni kidole kingine, safisheni na kulainisha ngozi kavu; ikishindikana, ombeni kwa maandishi utambulisho mbadala, kama picha na kitambulisho, na mdai barua inayoeleza sababu ya kukataliwa. Bila barua hamna pa kukatia rufaa. Palipo na uhakiki wa uhai wa mstaafu, ombeni kabla ya tarehe ya mwisho kwamba asiyeweza kutembea ahakikiwe nyumbani, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.