Namna ya kumkumbuka shangazi aliyependa wanyama na kazi za mikono

Ndugu zangu, naandika hii kwa sababu hapa Moshi tunazika vizuri sana, turubai, kwaya, ng'ombe, mtori wa kutosha, alafu ile historia ya marehemu inasomwa dakika nne: alizaliwa, akabatizwa, kipaimara, akaolewa, akaanza kuumwa, basi. Shangazi yangu alikuwa anatengeneza batiki, vidole vyake havikuwahi kutakata rangi, na alikuwa na mbwa watano na paka wasiohesabika, lakini kwenye ile karatasi halikuwepo neno batiki wala neno mbwa. Hilo liliniliza kuliko hata jeneza. Kwahiyo kama umefiwa na mtu wa namna hiyo fanya haya, na ukiweza yafanye kabla ya arobaini, maana baada ya hapo kila mtu anarudi kazini kwake na vitu vinaanza kutawanyika. (Mambo ya RITA, yaani ofisi ya kusajili vifo, na mirathi siyagusi hapa, hayo familia itakaa.)

Anza na wanyama, tena siku ile ile ya msiba. Watu wakijaa uani mbwa wanafungiwa bandani na wanasahaulika, unakuta siku ya pili hakuna aliyewapa hata maji. Teua mtu mmoja, hasa kijana aliyekuwa anakaa pale pale, awalishe saa ile ile aliyokuwa anawalisha marehemu na kwenye vyombo vile vile. Na jamani msifue khanga zake zote, bakisheni moja aliyoivaa muwatandikie wanapolala, harufu yake inawatuliza. Yule mbwa wetu mkubwa alikuwa analala juu ya khanga pua kaizamisha kwenye pindo, siku mbili hakugusa kitu, ya tatu akaanza kulamba ugali wa dagaa. Mkiwagawa kwa ndugu msiwatenganishe waliozoeana. Tafuteni na kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa, ile inarudiwa kila mwaka, kama imepita mwoneni bwana mifugo wa kata. Huwezi kusema unamkumbuka shangazi huku mbwa wake wanapigwa mawe mtaani.

Alafu funga chumba cha kazi, ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Hapa ndo sisi tuliumia. Shangazi alikuwa anachonga stempu zake kwenye vipande vya sponji la godoro, anavigundisha kwenye ubao, anachovya kwenye nta ya moto na kugonga kwenye kitambaa: kinyonga, kanga wa porini, paka kajikunja. Siku ya usafi ndugu mmoja akaona ni mabaki ya godoro akavichoma pamoja na godoro lenyewe, hakuwa na nia mbaya kabisa, ila miaka yote ile ya kuchonga iliisha kwa nusu saa nyuma ya banda la ng'ombe. Kilichotuokoa ni vitambaa, tulitandaza kimoja mezani, tukaweka karatasi nyembamba juu, tukafuatisha mistari kwa penseli, tukachonga upya. Hazijafanana sana lakini kinyonga anatambulika. Kwahiyo usitupe kitu ambacho hujui ni cha nini, muulize aliyekuwa anafanya naye kazi. Batiki zenyewe ziviringishe kwenye bomba la karatasi ngumu au bomba lolote badala ya kuzikunja, na usizitundike juani, rangi inapauka.

Simu yake msikimbilie kuifomati wala kumpa mtoto. Akaunti ya WhatsApp ikikaa kimya siku 120 kwa kawaida inafutwa, kwahiyo mapema chukueni vois zake na picha mzihifadhi sehemu mbili, memori kadi na kompyuta ya mtu. Vois ya sekunde kumi na moja anamfokea paka ashuke kwenye kitambaa kibichi, kwangu ina thamani kuliko picha ya harusi. Picha za zamani zilizong'ang'ania kwenye kioo cha fremu msizibandue, zitachanika, zipigeni picha hapo hapo karibu na dirisha bila flashi.

Sasa habari zake. Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani" wote watakujibu alikuwa mtu wa watu, na hapo hujapata kitu. Uliza vitu vidogo: alikuletea mnyama gani? Mligombana kuhusu nini? Na usiishie kwa ndugu, nenda kwa wa buchani aliyekuwa anamwekea mifupa, nenda kwa kijana wa boda. Huyo wa boda ndo alinisimulia alivyopakia mbwa mgonjwa katikati yake na shangazi, kavikwa kitenge kama mtoto, mpaka kwa daktari wa mifugo, na shangazi njia nzima anamwimbia. Sisi wa damu hatukuwahi kuijua hiyo.

Na kazi yake muirithishe kwa mikono. Edward Saidi Tingatinga alichora miaka kama minne tu pale Dar, kuanzia 1968 mpaka alipofariki 1972, lakini kwa sababu aliwafundisha ndugu na vijana waliokuwa naye, wanyama wa mtindo wake wanachorwa mpaka leo. Kwahiyo mtafuteni binti mmoja wa ukoo mwenye hamu, mpeni stempu na sufuria ya nta.

Siku ya kumkumbuka sisi tuliiweka Desemba, wote tukiwa tumepanda kutoka Dar na kwingineko. Hakuna gharama kubwa, kamba mbili kati ya migomba, batiki zimetundikwa kivulini, vois zinapigwa kwenye spika ndogo, mbwa wamefunguliwa wanazunguka. Watoto wapeni stempu wagonge kwa rangi ya kitambaa, nta ya moto ibaki kwa mtu mzima, na waambieni waje na nguo za zamani kwa sababu ile rangi haitoki.