Kibo kutoka Moshi kwenye Blender: namna ya kuuondolea mlima sura ya plastiki

Kijana mmoja anayetengeneza mabango ya utalii hapa Moshi aliniletea Kilimanjaro yake aliyoitengeneza kwa Blender, programu ya picha za 3D. "Kaka, nimeongeza mawe mpaka feni inalia, lakini mlima bado unaonekana wa plastiki." Mawe hayakuwa na shida. Mlima wake ulisimama mahali pasipo na hewa. Haya ndiyo tuliyoyafanya. Naandika kwa mtu ambaye tayari anajua kuzungusha kamera na kuunganisha nodi za Blender.

Hatua ya 1: Umbo

Usichonge kwa mkono, na usitumie milima inayojizalisha yenyewe kwa kubofya. Mlima ambao watu huuona kila asubuhi wakifungua duka haubuniwi. Data za mwinuko za SRTM, zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, ni za bure na zina nukta moja kila mita 30 hivi. Kipande S04E037 kinatosha: Moshi mjini na vilele viwili vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, vyote vimo. Walioko Arusha wanaotaka Meru wachukue S04E036.

Kifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kitoe kwenye digrii ukiweke kwenye mita (EPSG:32737), kata mraba wa kilomita 50 kisha toa PNG ya biti 16 ambayo mita 0 ni nyeusi na mita 6,000 ni nyeupe. Ukitoa ya biti 8 utapata viwango 256 tu, kila kimoja mita 23 na ushee, na miteremko ya Kibosho itatoka kama ngazi za ghorofa.

Hatua ya 2: Kipimo na kamera

Mimi huhesabu yuniti 1 ya Blender kuwa kilomita 1. Ukifuata mita halisi, kamera mpya huishia kuona umbali mfupi tu mbele, na utautafuta mlima usiuone. Bapa la 50 kwa 50, mgawanyo 1,600 kila upande, Displace (inayoinua bapa kwa kufuata picha ya mwinuko) yenye Strength 6 na Midlevel 0, picha ya mwinuko iwe Non-Color. Basi.

Urefu usiuguse. Wengi wakiona mlima umekaa mfupi huuvuta juu mara mbili. Ukiwa Moshi mjini, kilele kiko umbali wa kilomita 31 hivi, na kimeinuka nyuzi 9 tu juu ya usawa wa macho yako. Kinachoukuza ni lenzi: weka milimita 70.

Halafu hakikisha Mawenzi iko kulia. Picha nyingi za mtandaoni zimepigwa Amboseli, Kenya, ambako inaonekana kushoto. Mtu wa Moshi ataiona kasoro hiyo kabla hajasoma bei ya safari.

Hatua ya 3: Rangi za ardhi

Mashamba ya migomba na kahawa hufika kama mita 1,800, msitu karibu 3,000, vichaka 4,000, na juu yake ni mawe na mchanga. Mipaka ivuruge kwa Noise isiwe mistari. Miti usipande: kwa lenzi hiyo na picha yenye upana wa pikseli 4,000, pikseli moja pale Kibo ni kama mita 4, kwa hiyo msitu ni ukwaru tu.

Barafu usiipake kwa kufuata kimo peke yake, itakuwa kofia nyeupe. Upande wetu wa kusini huning'inia vipandevipande, yaani mito ya barafu ya Heim, Kersten, Decken na Rebmann, na katikati yake ni mwamba mweusi. Naipaka kwa brashi, picha halisi ikiwa pembeni.

Hatua ya 4: Jua

La asubuhi, nyuzi 12 juu, likitokea kulia. Jua la saa sita hufuta makorongo yote. Chagua Desemba, jua likiwa limeelekea kusini, maana Juni liko kaskazini na uso unaotazama Moshi hukosa mwanga. Tumia AgX, mpangilio wa rangi wa Blender, ili barafu isiungue.

Hatua ya 5: Hewa

Hapa ndipo muda unapoishia. Piga picha ya mlima asubuhi kutoka mjini, kisha kwa kifaa cha kuchukua rangi linganisha kivuli cha korongo la mbali na kivuli cha chini ya mwembe wa hapo uani. Cha mwembe kinakaribia weusi. Cha korongo ni buluu ya kijivu, hakina weusi hata chembe.

Video nyingi hufundisha kufunika mandhari yote kwa sanduku la Volume Scatter, yaani ukungu wa 3D unaotawanya mwanga. Matokeo yake ni mazuri, lakini siishauri: kwa kilomita 50 za hewa, kompyuta ya kawaida itarenda (itakokotoa picha ya mwisho) usiku kucha na bado itatoa chengachenga, na umeme ukikatika saa tisa usiku unaanza upya. Tumia Mist Pass, ianzie 2, kina 40. Inatoa picha ya umbali ambayo unaichanganya kwenye Compositor, sehemu ya Blender ya kuunganishia picha zilizokwisha kurendwa, na ukibadili mawazo hurendi tena.

Ila ina mambo yake. Kwanza, inaihesabu anga kuwa mbali kuliko vyote, hivyo anga yote hufunikwa. Washa Film Transparent ili anga isirendwe, weka ukungu kwenye mlima pekee, halafu anga iliyorendwa peke yake iingie nyuma.

Pili, na hili ndilo linalokwamisha watu: Mist inajua umbali, haijui kimo. Vumbi la kiangazi hulala chini. Ndiyo maana asubuhi mashamba ya chini yamefifia, na Kibo iliyo mbali zaidi imejichora wazi. Mist peke yake inafanya kinyume, barafu inafifia kuliko migomba. Lazima uizidishe kwa kimo. Position Pass, picha inayobeba mahali pa kila nukta, ina kimo, lakini haijalainishwa, na ukingo wa mlima utaota meno. Badala yake, ndani ya materiali ya mlima chukua Z ya Position, uipeleke AOV Output (nodi ya kutoa data yako mwenyewe kama picha ya ziada), na AOV hiyo uisajili kwenye View Layer, la sivyo haitatokea. Kwenye Compositor, tumia Map Range, nodi ya kubadili kipimo kimoja kuwa kingine: kimo cha 1 kiwe ukungu wote, cha 5 kiwe 0.35. Usishuke mpaka sifuri, maana kileleni nako unatazama kupitia kilomita 30 za hewa.

Tatu, rangi ya ukungu isiwe kijivu cha kukisia. Ichukue kwenye anga ya chini kabisa, karibu na upeo. Barafu yenyewe isigeuke buluu: mwanga wake hupoteza buluu njiani, kwa hiyo huelekea njano kidogo.

Hatua ya 6: Kutuma

Ongeza chengachenga kidogo sana mwishoni, la sivyo ukungu utakatika mistari mistari kwenye JPEG. Na kwa WhatsApp itume kama dokumenti.