Wikiendi ya sanaa Dar kwa mwanafunzi
Jumamosi asubuhi anza na Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kule Mikocheni, studio nyingi ziko ndani ya makontena so usiishie kuangalia kazi za ukutani tu, bisha hodi, salimia, uliza msanii anachanganyaje rangi. Simu mfukoni, toa daftari na penseli, na picha omba ruhusa kwanza jamani. Mchana nenda kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay. Hapo kaa hata masaa mawili! Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huu wa uchoraji, alifariki 1972 ila ile rangi ya kung'aa kama ya baiskeli bado inatumika, angalia mkono unavyodondosha nukta moja moja, chora huo mkono. Jumapili Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, beba kitambulisho cha chuo.