Jinsi ya kuwasukuma watengenezaji wa laptopu watuuzie Linux

Wateja wengi wanaoniletea laptopu mpya hapa Langoni, Lamu, hunipa kazi moja: toa Windows, weka Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha. Kazi naipenda, inanilipa. Lakini kwenye hesabu za kampuni mteja yule ameshaandikwa mnunuzi wa Windows, hata akiifuta siku hiyo hiyo. Ukitaka watengenezaji watoe mashine zenye mfumo huria, sema kabla hujalipa.

Hatua ya 1: Unganisheni oda

Laptopu moja haimshughulishi mtu. Madrasa, shule, saiba na chama cha akina mama wakiagiza pamoja, muuzaji wa Mombasa atapokea simu.

Hatua ya 2: Chagueni modeli, kisha muijaribu

Msianze na bei. Tovuti ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ina orodha ya kompyuta zilizothibitishwa kuwa zinaendana nayo; anzeni humo. Mkiikuta modeli yenu dukani, ombeni kuiwasha kwa flashi yenye Linux Mint, aina nyingine ya Linux (GB 8 yatosha), bila kugusa diski. Angalieni Wi-Fi, sauti, kamera, na kama mashine inaamka ikifunikwa na kufunuliwa. Kisha fungueni dirisha la amri muandike:

`lspci -nn | grep -i network`

Mstari unaotokea hutaja kadi ya Wi-Fi. Za Intel kwa kawaida hufanya kazi papo hapo. Za Broadcom nyingi hudai draiva (programu ya kuiendesha kadi) ya kupakua, na utapakua vipi bila Wi-Fi? Jaribio hili lifanyike Mombasa. Mashine ikishapanda boti Mokowe kuja Lamu, kuirudisha ni juu yenu.

Hatua ya 3: Andikeni barua

Simu husahaulika. Mfano:

*Kwa Meneja wa Mauzo. Tunahitaji laptopu 12, RAM GB 8, SSD GB 256, modeli (itajeni kamili). Ziwe na Ubuntu kutoka kiwandani, au zisiwe na mfumo wowote. Tafadhali tupeni bei ya kila aina, pamoja na bei ya modeli hiyo hiyo ikiwa na Windows.*

Uzito wa barua umo kwenye sentensi ya mwisho. Muuzaji mara nyingi hana jibu mpaka aiulize kampuni, na hapo ndipo ombi lenu linapopanda juu. Pelekeni nakala kwa kampuni yenyewe, kitengo cha mauzo kwa taasisi.

Msidhani ni kupiga kelele bure. Februari 2007 Dell ilifungua tovuti ya kupokea maoni ya wateja, na ombi la Linux likapanda juu kabisa. Mwezi Mei mwaka huo huo ikaanza kuuza Marekani kompyuta zenye Ubuntu. Lenovo nayo ilianza kuuza laptopu zake za ThinkPad zenye Fedora, nayo ni aina ya Linux, mwaka 2020.

Mkiambiwa "chukueni ya FreeDOS", chukueni ikiwa bei ni nafuu. FreeDOS, mfumo mdogo unaowekwa badala ya Windows, ni huria kweli, ila kampuni inajua wanunuzi wengi wataipachika Windows ya wizi. Kwa hiyo andikeni kwenye oda: "Tutaweka Linux." Bila maneno hayo, kwao nyinyi ni wale wale.

Hatua ya 4: Kama ni shule ya umma

Someni zabuni kabla haijatoka. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hakiruhusu kutaja jina la biashara kwenye masharti ya kiufundi, ila pale pasipo na njia nyingine ya kueleza, tena kwa kuongeza "au inayolingana nayo". Ukikuta "Windows 11" peke yake, mwonyeshe mwalimu mkuu kifungu hicho, kwa adabu.

Hatua ya 5: Dhamana na risiti

Ombeni kwa maandishi kwamba kubadilisha mfumo hakuvunji dhamana ya vifaa. Risiti nayo itaje Ubuntu, FreeDOS au "bila mfumo". Ikiwa imeandikwa Windows, irudisheni iandikwe upya.