Somo: Kununua nguo za michezo dukani, tangu kujipima hadi kurudisha

Nguo ya michezo ikishaloa jasho ni yako. Maduka mengi hupokea nguo inayorudishwa ikiwa tu haijavaliwa nje, haijafuliwa na lebo yake bado inaning'inia. Ukishaikimbilia hata mara moja, hoja ya "hainitoshi" haina tena mashiko. Tatizo ni kwamba kasoro za nguo hizi hujitokeza mwili ukiwa kwenye mwendo, ilhali kioo cha chumba cha kujaribia kinakuonyesha umesimama wima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni ya kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Jipime nyumbani kwa sentimita

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kifua pale kilipojaa zaidi, futi ikipita chini ya kwapa na kulala sawa mgongoni. Pima kiuno sehemu yake nyembamba, nyonga pale makalio yalipojaa, na mguu wa ndani kutoka msamba hadi kifundo. Anayetafuta sidiria ya michezo aongeze mzingo wa chini ya matiti. Futi iguse ngozi bila kuibana, na usivute pumzi ndani. Unayemdanganya ni wewe mwenyewe.

Usiende dukani na herufi kichwani. M ya kampuni moja ni L ya nyingine, na M ya kiume si M ya kike. Tafuta jedwali la saizi la kampuni iliyotengeneza nguo, kisha angalia jambo ambalo wengi hulipita: je, jedwali linataja vipimo vya mwili au vya nguo? Kama ni vya nguo, mwenye kifua cha sentimita 100 anahitaji fulana ya sentimita 106 hadi 110 ili apumue vizuri. Kama ni vya mwili, nafasi hiyo kampuni imeshaiweka.

Hatua ya 2: Soma lebo ya ndani kabla ya kupenda rangi

Lebo ya kitambaa kwa kawaida imeshonwa ubavuni. Pamba tupu hunywa jasho na kubaki nalo. Inakuwa nzito, inang'ang'ania mwili na kuchubua ngozi. Kwa kunyanyua vyuma au kunyoosha viungo haina shida, kwa mbio ndefu iache. Poliesta hainywi maji, hivyo hukauka haraka, ila harufu huing'ang'ania. Nailoni ni laini zaidi na haichakai upesi kwa msuguano, ndiyo maana taiti nzuri nyingi ni za nailoni. Elastani, ambayo wengine huiita spandeksi, ndiyo inayovutika na kurudi: kwenye fulana asilimia 5 hadi 10 inatosha, kwenye taiti tafuta 15 hadi 25.

Muogeleaji ana hesabu yake. Klorini ya bwawa huila elastani taratibu, na vazi hulegea makalioni kabla rangi haijapauka. Anayeogelea mara kwa mara achague vazi la poliesta lisilo na elastani, au lenye kidogo sana, hata kama dukani linaonekana gumu kidogo.

Hatua ya 3: Igeuze nguo nje ndani

Hapa ndipo utaijua kazi ya fundi. Mishono ya kwapani na ya mapajani iwe bapa, imelala, bila ukingo unaosimama. Ukingo huo, ambao kwa kidole unauona mdogo, ukisugua paja kwa saa nzima unaacha kidonda. Shika kitambaa pande zote mbili za mshono uvute kwa nguvu ya wastani: nyuzi zikichungulia au ukisikia zinakatika, rudisha kwenye henga.

Kwa taiti, ingiza mkono ndani, kunja ngumi na uvute kitambaa juu ya vifundo vya vidole mpaka kikaze. Ukiviona vifundo, watu wataona zaidi ya hapo ukichuchumaa. Fanya jaribio hili karibu na dirisha au mlango, maana taa za dukani huficha mengi, hasa kwa rangi nyeusi.

Lastiki ya kiuno ivutike na kurudi bila kubaki na mawimbi. Kamba ya kiuno iwe imeshikizwa kwa mshono nyuma, la sivyo mashine ya kufulia itaichomoa siku ya kwanza. Zipu ya koti iwe na kikunjo cha kitambaa juu, kisije kidevu kikabanwa.

Hatua ya 4: Chumba cha kujaribia ni uwanja

Ingia ukiwa umevaa nguo za ndani na soksi utakazofanyia mazoezi. Kisha:

1. Inua mikono yote juu. Fulana isipande ikaacha tumbo wazi, na kwapa lisikate.
2. Chuchumaa mara tano, mgongo ukielekea kioo. Kiuno cha taiti kisishuke, na kitambaa kisibadilike rangi makalioni.
3. Kimbia papo hapo, magoti juu. Bukta isipande ikajikusanya katikati ya mapaja.
4. Keti, inama kama unayefunga kamba za viatu, simama.

Sidiria ya michezo inataka muda wake. Uzito mkubwa hubebwa na bendi ya chini kuliko mikanda ya mabegani. Kama ina vishikizo, funga kile cha nje kabisa, kwa kuwa bendi hulegea kadiri inavyovaliwa na utahitaji vilivyobaki baadaye. Vidole viwili vipite chini ya bendi, visizidi. Inua mikono: bendi ikipanda, ni kubwa. Matiti yakifurika pembeni au juu, vikombe ni vidogo. Ruka mara kumi. Sidiria ya yoga haiwezi kazi ya mbio hata kama saizi ni sahihi, hivyo mwambie mhudumu mchezo wako kabla hajakuletea chochote.

Ukinunua na raba safari hiyohiyo, nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi.

Jezi za timu huja kwa matoleo mawili. La wachezaji hubana mwili, kitambaa ni chepesi na nembo hubandikwa kwa joto. La mashabiki ni pana zaidi na mara nyingi nembo hudariziwa. Anayezoea M ya mashabiki mara nyingi huhitaji L ya wachezaji. Na usichapishe jina mgongoni siku hiyohiyo kama una shaka yoyote ya saizi. Jezi iliyochapwa jina kwa kawaida hairudi.

Hatua ya 5: Muulize mhudumu kabla ya kulipa

Hapa wengi huona aibu, sijui kwa nini. Uliza: nina siku ngapi za kurudisha? Narudishiwa pesa, nabadilishiwa, au napewa kadi ya kununulia humuhumu? Vitu gani havirudi? (Chupi, soksi zilizofunguliwa, na mavazi ya kuogelea yaliyobanduliwa kibandiko cha usafi huwa kwenye orodha hiyo.) Nikinunua kwenye tovuti yenu naweza kurudisha dukani, na gharama ya usafiri ni ya nani?

Jibu la mdomo halitoshi. Omba uonyeshwe lilipoandikwa, mara nyingi ni nyuma ya risiti au ukutani karibu na keshia. Hakikisha risiti inataja saizi na rangi uliyochukua, kisha ipige picha siku hiyohiyo: karatasi zake nyingi huandikwa kwa joto, na maandishi hufutika zikikaa kwenye jua au ndani ya gari.

Hatua ya 6: Jaribu tena nyumbani

Ndani tu, sakafu safi, bila mafuta wala manukato mwilini, lebo ikiwa haijakatwa. Vaa dakika ishirini ukifanya shughuli za kawaida. Kinachowasha, kinachobana au kinachoteremka kitajisema.

Hatua ya 7: Kurudisha au kulalamika

Tenganisha mambo mawili. Kubadili mawazo ni hisani ya duka na kunaendeshwa na masharti yake. Kasoro ni kitu kingine: mshono umeachia, zipu imekufa, rangi imechuja ilhali umefua kama lebo inavyosema. Kwa kasoro unaweza kudai hata kama nguo imeshavaliwa, na katika nchi nyingi sheria inamlinda mnunuzi. Nguo yenye kasoro ifue kabla ya kuipeleka, maana hakuna mhudumu anayetaka kushika jasho la mtu. Ya kubadili mawazo usiifue kabisa.

Piga picha tatu: nguo nzima, kasoro kwa karibu ukiwa umeweka rula pembeni, na lebo ya ndani yenye namba ya bidhaa. Ujumbe uwe mfupi namna hii:

"Habari. Nilinunua taiti nyeusi saizi M tarehe fulani, risiti namba fulani. Mshono wa paja la kulia umeachia sentimita 4 baada ya kufuliwa mara mbili kwa maji ya nyuzi joto 30. Picha tatu nimeambatisha. Naomba nibadilishiwe saizi ileile, na kama haipo nirudishiwe pesa. Naomba kujua nitajibiwa lini."

Sentensi ya "naomba" ndiyo inayosahaulika. Malalamiko yasiyotaja unachotaka huzunguka mezani kwa mezani. Ukienda mwenyewe, epuka saa za msongamano, na keshia akikwama usimfokee. Mwombe msimamizi wa zamu, kwa sababu keshia wengi hawana mamlaka ya kufungua malipo yaliyofungwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, shukrani kwa somo. Fulana yangu ya poliesta inanuka hata ikitoka kufuliwa. Niirudishe?

Hiyo si kasoro, mkuu. Mafuta ya jasho hushika kwenye nyuzi za poliesta, na kama unatumia dawa ya kulainisha nguo unayafungia humo. Acha kilainishi. Loweka nusu saa kwenye maji yenye siki nyeupe, sehemu moja ya siki kwa nne za maji, kisha fua ukiwa umeigeuza nje ndani, sabuni kidogo. Anika kivulini. Na usiiache imefungwa ndani ya begi la mazoezi usiku kucha.

Nikiwa katikati ya M na L nachagua ipi?

Fulana na koti, kubwa. Taiti, fuata nyonga, si kiuno: ndogo ikikazwa sana inaangaza na mishono inaumia, kubwa itakuwa inateremka kila hatua mia. Kama elastani haifiki asilimia 15, usithubutu kushuka saizi.

Koti la mvua limeandikwa 10,000. Ni nini hiyo?

Ni milimita za kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla ya kupenyeza. Karibu 5,000 ni kwa manyunyu, 10,000 ni kwa mvua ya kweli, 20,000 ni kwa mvua kubwa ya muda mrefu. Ila namba hiyo ni ya kitambaa. Geuza koti uangalie kama mishono yote imezibwa kwa utepe. Isipozibwa, maji yataingilia kwenye matundu ya sindano. Na uangalie uwezo wa kutoa mvuke, vinginevyo utaloa kwa jasho lako mwenyewe halafu ulaumu mvua.

Nilinunua kwa punguzo, bango linasema "vikishauzwa havirudi". Zipu imekufa wiki ya kwanza. Nimeliwa?

Bado, dada. Bango hilo linazuia kubadili mawazo. Kasoro ambayo hukuonyeshwa wakati wa kununua ni hoja nyingine, peleka na risiti. Ukiwa uliambiwa "ina zipu mbovu ndiyo maana bei imeshuka", hapo huna dai.

Namba za jezi zinabanduka pembeni. Kosa la nani?

Kama umepiga pasi juu ya chapa au umekausha kwa mashine ya moto, ni lako. Kama umefua kwa maji baridi, imegeuzwa, na bado pembe zimeinuka mfuo wa kwanza, uchapaji haukupata joto au mgandamizo wa kutosha. Irudishe kwa aliyechapa kabla hujajaribu kuibandika mwenyewe. Ukishaigusa na gundi, hawatakusikiliza.

Risiti imepotea kabisa.

Leta taarifa ya malipo ya simu au ya benki yenye tarehe na kiasi. Kama una kadi ya uanachama wa duka au ulitumiwa risiti kwa barua pepe, wanaweza kuitafuta kwenye mfumo. Bila ushahidi wowote, maduka mengi, yakikubali, hukubadilishia kwa bei ya siku hiyo, si uliyolipa.